Kisanduku cha Nyoka

Zahoro bin Mwinyimvua alikuwa fundi bati wa Mtaa wa Mkunguni, na hakuna kitu kilichomchelewesha kazini kama maswali yake mwenyewe. Ukimpelekea kopo akutengenezee kibatari, atataka kujua utakiweka mezani au sakafuni, na dirisha la chumba linaelekea wapi. Ukimpelekea ndoo inayovuja, ataigeuzageuza juani, achungulie lile tundu kwa jicho moja, kisha akuulize maji ya kisima chenu yana chumvi au hayana. Kuna wateja waliompenda kwa hilo. Wengine walibeba ndoo zao wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa haulizi kitu.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka wa hamsini na saba, majuma machache baada ya Idi, kijana mmoja aliegemeza baiskeli yake kwenye nguzo ya baraza ya Zahoro. Masika yalikuwa yanaishilizia, na huko Jangwani maji yalikuwa bado yametanda mpaka kwenye magoli ya mpira. Kijana alivaa kaptula ya kaki na viatu vizito vya safari, vilivyopakwa mafuta vizuri.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu kitako."

Kijana alikaa kwenye debe lililopinduliwa. Akasema jina lake Wilbert, mtu wa Kilimanjaro, na kazi yake ni kuvuta mnyororo wa kupimia ardhi katika kikosi cha wapima. Katikati ya mwezi wa sita wangekwenda pande za Liwale, miezi minne porini. Alitaka kisanduku cha bati cha kuvaa kwenye mkanda wa suruali, urefu wake usizidi shibiri, unene wake vidole vitatu.

"Cha kutia nini?" Zahoro aliuliza.

"Vitu vya kumsaidia mtu aliyeumwa na nyoka."

Zahoro aliweka mkasi wake wa bati chini.

Wilbert alifungua kitambaa akapanga vitu vyake juu ya ubao wa kazi. Kulikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Kulikuwa na kichupa cha dawa ya zambarau, ile ya chengachenga ambayo watu huoshea vidonda. Kulikuwa na kipira cha kunyonyea, mfano wa kipira cha honi ya baiskeli lakini kidogo zaidi, na jiwe jeusi, jepesi, ambalo muuzaji wake pale sokoni aliapa kwamba linafyonza sumu ya nyoka yeyote. Vyote hivyo alivipanga taratibu. Cha mwisho kilikuwa mkanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu. Huo hakuupanga. Aliudondosha tu ubaoni, akairudisha mikono yake mapajani.

"Huu wa kufungia mguu, damu isipande," alisema. "Ufanyie nafasi."

"Umewahi kuutumia?"

"Mara moja."

"Ukasaidia?"

Wilbert alitazama barabarani, alikokuwa anapita mtu na mkokoteni wa mihogo. "Mtu yuko hai," alisema. Halafu akasimama, akasema angerudi baada ya siku kumi, akapanda baiskeli yake kabla Zahoro hajapata la kuongeza.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Mtu mwingine angepima vile vitu, akakata bati, akalehemu, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Zahoro alilitazama jibu lile kama anavyotazama ndoo. Mtu yuko hai. Aliyesaidiwa na dawa hasemwi hivyo, alijiambia. Husemwa kwamba alipona.

Alianza na jiwe, kwa sababu ndilo lililokuwa geni. Alililamba. Lilimnasa kwenye ulimi mpaka akalazimika kulibandua kwa vidole. Alishangaa, akalijaribu kwenye nyanya iliyokatwa, likanasa. Akalijaribu kwenye kitambaa kibichi, likanasa vilevile. Basi jiwe hili linapenda kila chenye majimaji, alifikiri, halichagui sumu.

Jioni alikwenda buchani, akanunua kipande cha nyama ya paja kisicho na mfupa. Nyumbani alichukua kopo la mafuta ya cherehani, lenye mdomo mwembamba kama mwiba, ambalo jirani alilileta kutengenezwa. Alilitia wino wa buluu, akauchoma ule mdomo ndani ya nyama kiasi cha ukucha mmoja, akaminya mara moja. Akahesabu mpaka mia, polepole. Kisha akachukua wembe wa Wilbert akachanja, akabandika kipira cha kunyonyea, akavuta. Likatoka tone jekundu lililochanganyika na buluu kidogo. Akavuta tena, na tena. Akamwagia dawa ya zambarau. Akabandika jiwe, akalisubiri mpaka likadondoka lenyewe. Mwisho alikipasua kipande chote katikati.

Wino ulikuwa umeshatambaa ndani ya nyama pande zote, kwenye vinyuzi ambavyo wembe haukufika. Dawa ya zambarau ilikuwa imeunguza juu tu, nyama ikawa kama iliyokaushwa.

Mkewe, Sitara, alitokea uani na sufuria mkononi. Alisimama akatazama kile kipande cha nyama chenye rangi tatu.

"Hicho ndicho kitoweo chetu?"

"Tazama, Sitara. Huu wino ndiyo sumu. Nimechanja, nimenyonya, nimetia dawa, na bado umo ndani. Tena kwenye nyama iliyokufa, isiyopitiwa na damu. Je, kwenye mguu wa mtu mzima anayetembea?"

Sitara alikuwa mtu asiyependa hata kulitamka jina la nyoka jua likishazama. Kwao walifundishwa kusema kamba. "Mtu kakuagiza kisanduku," alisema. "Hakukuagiza umfundishe kazi ya kamba." Akarudi uani, na siku hiyo walikula ugali kwa mchicha.

Lakini hata yeye, walipokuwa wakila, aliuliza, "Na ule mkanda wa mpira je? Huo hukuujaribu."

"Nitaujaribu juu ya nini? Nyama haina damu ya kuzuia."

"Basi mtafute mtu aliyewahi kufungwa."

Kesho yake Zahoro aliingia sokoni. Alipita chini ya lile paa kubwa la bati akiulizia, mafungu ya nazi mkono huu na magunia ya dagaa mkono ule, na kila mtu alikuwa na nyoka wake. Mmoja alisema baba yake aliponywa kwa mafuta ya taa. Mwingine alisema ukimuua nyoka aliyekuuma sumu inarudi kwake. Wa tatu aliumwa mwenyewe, huko Kisarawe, hakufanya chochote kwa sababu hakuwa na kitu, akalala, akaamka mzima. Na huyu ndiye aliyemchanganya Zahoro kuliko wote.

Alipofika kwenye duka la nafaka la Mama Candida, mwanamke wa Kilimanjaro aliyekuwa akiuza maharage kwa jumla pamoja na mumewe, Mama Candida aliacha kushona mdomo wa gunia.

"Huko Buguruni kuna fundi viatu, Eliasi," alisema. "Tunasali naye. Alikuwa na wapima ardhi, akaumwa na nyoka mguuni. Sasa hana mguu."

"Alikuwa na wapima ardhi?" Zahoro aliuliza. "Pamoja na kijana mmoja Wilbert?"

Mama Candida alimtazama kwa makini. "Wamekua pamoja huko kwetu, nyumba zao zimetenganishwa na mfereji tu. Wilbert huniletea sukari kila Krismasi nimpelekee Eliasi. Nikimwambia peleka mwenyewe, anasema ana kazi."

Ijumaa ilipofika, baada ya kusali msikitini, Zahoro alipanda baiskeli akaelekea Buguruni. Siku zile ukishaiacha Ilala nyumba zilikuwa zinaachana, mashamba ya minazi yanaingia katikati, na barabara ilikuwa matope matupu. Alimkuta Eliasi chini ya kibanda cha makuti, amekaa kwenye kigoda, kiatu cha mtu kimepakatwa kwenye paja. Mguu wake wa kushoto ulikomea chini kidogo ya goti, na suruali ilikuwa imekunjwa ikashonwa vizuri kwa uzi wa viatu.

Alikuwa mtu mwenye sauti nzito na mwepesi wa kucheka. Zahoro alipomweleza kwamba yeye ni fundi bati na amekuja kuuliza habari za nyoka, Eliasi alicheka mpaka misumari midogo ikamdondoka mdomoni.

"Watu huja kuniuliza habari za mguu," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuuliza habari za nyoka. Alikuwa kifutu. Mfupi, mnene, amelala njiani kama gome la mti. Nilimkanyaga mwenyewe."

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana, Jumamosi. Aliniuma hapa, juu ya kifundo." Alionyesha hewani, pale ambapo kifundo kingekuwa. "Mwenzangu alikuwa hatua kumi nyuma. Akaja mbio. Akanichanja kwa wembe, akanifunga kwa mpira wa baiskeli, akaukaza mpaka nikapiga kelele. Tulikuwa tumefundishwa hivyo. Kuna karatasi tuliyopewa, ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo."

"Mpira ulifunguliwa lini?"

Eliasi aliitua nyundo yake. "Jumapili magharibi, hospitalini. Wenzangu walinibeba kwa machela usiku kucha. Kila mmoja aliogopa kuufungua, akidhani sumu itapanda moyoni. Daktari alipoufungua, mguu chini ya mpira ulikuwa baridi kama samaki. Juu ya mpira, mzima kabisa. Kulikuwa na mstari, fundi, kama mstari wa rula."

Zahoro alipitisha ukucha chini ya goti lake mwenyewe, kama anayechora mstari juu ya bati kabla ya kukata.

"Yule nyoka angekuua?" aliuliza.

"Nani anajua? Daktari mwenyewe alisema hajui. Labda nisingekuwa na mguu vilevile. Labda ningekuwa nao." Aliokota msumari mmoja akautazama. "Mpira nilimsamehe Wilbert pale pale kitandani, kwa sababu ningekuwa mimi ningemfunga yeye, tena ningemkaza zaidi. Lakini huu ni mwaka wa pili. Ananiletea sukari kwa mikono ya watu. Mimi si mgonjwa wa sukari ya Krismasi. Mimi ni rafiki yake."

Kabla Zahoro hajaondoka, Eliasi alimwambia amtafute nesi Euphrasia hospitalini, ndiye aliyemfunga vidonda kwa miezi mitatu. "Ana daftari lake. Kila aliyeletwa na nyoka amemwandika. Ukipenda maswali, utampenda."

Nesi Euphrasia alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alimpa Zahoro muda wa kunywa chai yake tu, wakiwa wamesimama kwenye varanda ya wadi ya wanaume. Lile daftari lilikuwa la kishule, lenye majalada ya kijani.

"Wako hamsini na mmoja humu," alisema. "Sisemi haya kama daktari, nasema nilichokiona. Walioletwa wamechanjwa na kufungwa kamba, nimewauguza muda mrefu kuliko ambao hawakuguswa. Wengi nimeuguza ule wembe, si nyoka."

"Na dawa ya zambarau?"

"Inaunguza. Mimi naioshea mboga."

"Jiwe?"

Alicheka puani tu, akaendelea kunywa chai.

"Basi mtu abebe nini?" Zahoro aliuliza. "Nina kisanduku cha shibiri moja. Ipo dawa yenyewe ya kuponya?"

"Ipo ya sindano, inatoka Afrika Kusini. Inakaa kwenye jokofu, na daktari anapoitoa ana wasiwasi, maana yenyewe inaweza kumgeukia mtu. Hiyo si ya kiunoni. Wewe shika hivi: sumu inakwenda mtu anapokwenda. Akikimbia inakimbia. Kwa hiyo alale, atulizwe, avuliwe kiatu na saa na pete kabla hajavimba. Mguu ufungwe kwenye kitu kilichonyooka usikunjike, kama mguu uliovunjika, kwa bendeji pana, na kidole changu kipite chini yake hivi." Alipitisha kidole chini ya mkono wa gauni lake. "Kidole kisipopita, umekaza mno. Halafu abebwe, asitembee hata hatua moja. Na waniandikie saa aliyoumwa! Watu wananiletea mgonjwa hawajui hata kama ni leo au jana. Na wasihangaike kumwinda nyoka, maana wameletwa humu wawili kwa nyoka mmoja."

Kengele ililia ndani. Akaweka kikombe chini. "Kisanduku chako kikiweza kubeba hayo," alisema, "nioneshe."

Zahoro alirudi Mkunguni akisukuma baiskeli badala ya kuipanda, kwa sababu alikuwa anafikiri. Bendeji zinaingia shibiri. Penseli inaingia. Lakini kitu kilichonyooka cha kufungia mguu wa mtu mzima, kutoka kisigino mpaka paja, kitaingiaje ndani ya shibiri moja?

Alilala nalo siku mbili. Siku ya tatu alimwona Sitara akisukuma kiberiti, kile kidroo kinatoka ndani ya ganda lake, akakurupuka pale alipokaa. Alikata vipande vinne vya bati ya debe, akavikunja kingo ili viwe vigumu na visikate ngozi, kimoja kikapita ndani ya kingine kama kidroo cha kiberiti. Vikiwa vimefungwa vilikuwa shibiri kasoro kidogo. Vikivutwa vilifika karibu shibiri nne, na mwishoni kulikuwa na kishikizo kilichonasa visirudi. Alivipinda juu ya goti lake, havikukubali kupinda. Juu yake akapanga bendeji tatu pana ambazo Sitara aliziosha na kuzipiga pasi, kipande cha sabuni, penseli ya kopi ya kuandikia saa juu ya ngozi na kuchora mpaka wa uvimbe, pini sita, na filimbi ya kuitia watu. Nafasi ya wembe hakuweka. Nafasi ya mkanda wa mpira hakuweka.

Wilbert alikuja siku ya kumi kama alivyoahidi. Alikipokea kisanduku, akakisifu kwa wepesi wake, akakifungua. Uso wake ukabadilika.

"Vitu vyangu viko wapi?"

Zahoro akavitoa vilivyofungwa kwenye kitambaa. Akaanza kueleza habari za wino na nyama, za jiwe na nyanya, za daftari la nesi. Wilbert alisikiliza akiwa amekunja kipaji. Labda ingeishia hapo, kwa mabishano ya kawaida ya fundi na mteja. Lakini Zahoro alikuwa na ulimi usioweza kuacha kitu nusu.

"Tena nimeonana na Eliasi," alisema.

Wilbert alifunga kile kisanduku polepole. Alikiweka juu ya ubao, katikati kabisa. "Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilitaka kujua..."

"Nilikuja kwako kwa bati," Wilbert alisema. Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Bati tu." Akachukua kitambaa chake chenye wembe na mkanda, akaenda zake. Kisanduku akakiacha.

Sitara alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. "Mtu anakuagiza kisanduku," alisema, "wewe unamfungua kifua."

Usiku huo usingizi ulimpaa Zahoro, na asubuhi alilehemu mdomo wa birika mara mbili ukaharibika mara mbili. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba swali halimdhuru mtu. Ukiuliza, ama unajibiwa ama hujibiwi, basi. Sasa alimwona yule kijana mbele ya macho yake, akikiweka kisanduku katikati ya ubao kama kitu kinachoweza kuvunjika, na akaona aibu. Alikusudia kumfuata kumtaka radhi, lakini hakujua hata anakaa mtaa gani, kwa sababu katika maswali yake yote hilo hakuliuliza.

Jumapili mchana baraza ilikuwa na watu wachache, majirani wawili wakicheza bao. Baiskeli ilikuja kutoka upande wa Msimbazi ikiyumbayumba. Wilbert ndiye aliyekuwa akikanyaga, shati lake la kanisani limetota jasho. Nyuma, kwenye keria, alikaa Eliasi, gongo lake amelishika mbele kama mkuki, akimpa amri.

"Kushoto! Kushoto, dimbwi hilo! Wewe unapima ardhi au unaizika?"

Walipofika, Wilbert alimsaidia kushuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na Zahoro, kwa mara moja maishani, hakutaka kujua walizungumza nini huko Buguruni. Akavuta madebe mawili akawakaribisha.

"Fundi," Wilbert alisema, "nilikukosea."

"Mimi ndiye niliyeingia ndani bila hodi. Niwie radhi."

"Mtasameheana baadaye," Eliasi alisema. "Leteni hicho kisanduku, nimekuja kukikagua. Mimi ndiye pekee hapa mwenye ujuzi wa kuumwa."

Alikikagua kweli. Alivuta zile bati, akazirudisha, akazivuta tena, akazipima kwenye mguu wake mzima. Akasema kingo za mwisho zingemuumiza mtu akibebwa saa nyingi, akatoa mfukoni vipande vya ngozi laini, akavishona pale pale kwenye ncha. Halafu akamwamrisha Wilbert alale chini barazani.

"Umeumwa," alisema. "Mguu wa kulia. Piga kelele."

"Sipigi kelele mbele za watu."

"Wote hupiga. Fundi, mfunge."

Zahoro alimvua kiatu, akavuta bati, akazungusha bendeji. Wacheza bao waliacha mchezo wao. Mwanamke mmoja aliyepita na kapu la samaki kutoka Kivukoni alisimama akauliza kijana wa watu amevunjika nini; alipoambiwa hakuvunjika, wanacheza nyoka, alisonya lakini hakuondoka. Eliasi aliinama kutoka kwenye debe lake, akapitisha kidole chini ya bendeji. Kidole kilikwama. "Umekaza," alisema. Zahoro akafungua, akafunga upya. Mara ya tatu kidole kilipita, na Eliasi akakiacha pale kitambo, chini ya bendeji, kwenye mguu wa rafiki yake, kabla ya kukitoa. Wilbert alikuwa amelala chali, mkono mmoja umeufunika uso.

Katikati ya mwezi wa sita kikosi kikaondoka kwa lori, Wilbert akiwa na kisanduku kiunoni. Miezi ikapita. Zahoro alimpelekea nesi Euphrasia kisanduku cha pili aone, naye akamrudishia na karatasi ya masahihisho manne. Eliasi alizoea kufika Kariakoo kila Jumamosi kununua ngozi, akapumzika barazani, wakabishana.

Mwezi wa kumi, alasiri moja, Wilbert alitokea kwa miguu. Alikuwa amekonda. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuegemeza kifuani, na kwenye kifundo cha mkono, pale palipokuwa pakikaa saa, ngozi ilikuwa nyeusi yenye makunyanzi. Eliasi alikuwepo. Aliuona ule mkono kabla ya Zahoro, akaliondoa gongo lake kwenye debe la pili ili mwenzake apate kukaa.

"Kifutu," Wilbert alisema akikaa. "Mnyororo ulinasa kwenye majani, nikaingiza mkono kuunasua. Saa nne na robo. Niliandika saa, fundi, usinitazame hivyo."

"Ikawaje? Nani alikuwepo?"

"Nyapara wetu, Onesphory, na wengine watatu. Onesphory alikuwa na kamba mkononi hata sijamaliza kulalama. Akasema, lete mkono, nikufunge kwenye kiwiko. Na mimi..." Alimtazama Eliasi. "Nilitaka anifunge. Nisikufiche. Ule moto ulikuwa unapanda na mimi nikasema moyoni, afunge, akate, afanye lolote, asinikalie tu. Ndipo nikajua ulivyokuwa siku ile."

"Ukamwacha afunge?" Eliasi aliuliza.

"Nilimwambia, ukinifunga kamba nitakupiga kwa mkono uliobaki. Nikamwambia avue saa yangu, afungue kisanduku, avute bati. Nikalala chini. Kulala chini, Eliasi! Miguu inataka kukimbia, na wewe umelala unatazama ndege. Wakanifunga, kidole kikapita. Wakanibeba mpaka kwenye lori, na lori likafika misheni saa moja jioni. Walikuwa na ile sindano. Nilivimba mpaka kwapani. Vidole hivi viwili havikunjiki tena sawasawa." Alivionyesha. "Daktari wa misheni alisema mkono utakaa."

Sitara alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hakusema kamba wala nyoka. Alimmiminia Wilbert kikombe, akakiweka upande wa mkono wake wa kushoto.

Zahoro alikuwa na maswali kumi na tano yanayogombania mlango. Alijizuia mpaka Wilbert alipokunywa nusu ya chai.

"Kisanduku kilikosa nini?" aliuliza.

Eliasi aliguna. Lakini Wilbert alicheka, mara ya kwanza siku hiyo.

"Kifuniko," alisema. "Kabla wenzangu hawajanifikia nilijaribu kukifungua mwenyewe. Hakifunguki kwa mkono mmoja, fundi. Mtu aliyeumwa mkono ana mmoja tu."

Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba Zahoro hakuwa amelifikiria hata mara moja, wala nesi Euphrasia katika masahihisho yake manne. Alichukua kisanduku kutoka kiunoni kwa Wilbert, kimebonyea pembeni na kupauka kwa jua, akaweka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akajaribu kusukuma kifuniko kwa kidole gumba cha kushoto. Hakikufunguka. Akampa Eliasi. Eliasi akajaribu, akatukana kwa Kichaga. Sitara akaweka birika chini, akasema, "Hebu lete hapa," na akajaribu yeye.